Pumzi ya Mama Jovithe

Pale ufukweni, mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, inapotua alfajiri, hakuna foleni wala heshima ya mvi. Sheria ni moja tu, na hakuna aliyewahi kuiandika: beseni la kwanza kuingia ndani ya mtumbwi ndilo linalojazwa kwanza. Wa kwanza anapata ndagala wa juu, wazima, wanaong'aa kama sindano mpya. Wa mwisho anapata wa chini, waliolala katika maji machafu na kukanyagwa na nyayo za wavuvi. Ukiwaanika wanatoka na rangi ya kamba ya kiatu, na sokoni hata paka anawatazama mara mbili.

Kwa miaka mingi beseni la kwanza lilikuwa la Odette, mama yake Jovithe. Lilikuwa beseni la bati, la buluu, lenye kovu la kutu upande mmoja. Wavuvi walishazoea: wakiona kitu cha buluu kinaruka juu ya maji wanajua Mama Jovithe kafika, sasa jua linaweza kuchomoza.

Halafu akaja mtoto wa sita. Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa, tena alikuwa mcheshi. Lakini alimwachia mama yake mwili wa pili juu ya mwili wa kwanza, na kifua kilicholia kama mlango mkavu kila alipopanda ngazi tatu. Asubuhi moja ya Februari mwaka 1969, Odette alikimbia kama kawaida yake, kitenge kimepandishwa magotini, na katikati ya mchanga pumzi ikamkatikia. Akasimama, beseni mkononi, miguu imezama. Candide wa mtaa wa Buyenzi, mwenye mtoto mmoja na mdomo wa watu kumi, akampita, akatupa beseni lake mtumbwini, kisha akageuka.

"Mama, pumzika kidogo," akasema. "Wa chini tutakuachia."

Wanawake wakacheka. Wanawake wale wale aliowasaidia kuzika, kuozesha na kufua nepi.

Odette alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo. Kule Uvira alikozaliwa walikuwa wakisema ulimi wake unaweza kukwangua magamba ya samaki. Jibu likapanda mpaka kooni, likakuta hakuna upepo wa kulitoa nje. Akahema. Candide akangoja kwa adabu, na alipoona hakuna kinachokuja, akaenda zake.

Hapo ndipo palipouma. Ndagala wa chini aliwauza kwa aibu na mambo yakaisha. Lakini lile jibu lililomfia kooni halikuisha. Alitembea nalo kama mtu aliyemeza mwiba.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hapo Bwiza, mtaani kwake, kila mtu alimsifu kwa ugonjwa wake. "Mama Jovithe, umependeza," walimwambia. "Karani anajua kutunza." Karani ndiye Sébastien Byamungu, mume wake, mtu wa Bukavu, aliyefanya kazi ya kuandika barua za watu wengine katika ofisi moja ya mtaa wa Rohero. Unene wa mkewe ulikuwa ndiyo shahada yake, imetundikwa pale kila mpita njia aisome. Hakuna aliyeuliza shahada yenyewe inahemaje.

Na siku yake ilikuwa hivi. Alfajiri ziwani. Kisha kuanika ndagala, kuwageuza, kuwafukuza ndege. Kisha sokoni mpaka jua liegemee. Nyumbani kuna watoto sita, na wa tatu, aliyezaliwa juma lile lile la dipenda ya Kongo, alidhani uhuru huo ulipatikana kwa ajili yake binafsi, kwa hiyo hatumwi dukani. Kuna mashati ya karani ya kupigwa pasi ya makaa, maana shati la ofisini halitakiwi kuwa na kunyanzi hata moja. Kuna sombe, majani ya muhogo, ya kutwanga, na Sébastien hali sombe iliyotwangwa jana. Jioni anakaa na kusema, "Leo nimechoka," na Odette anamvua viatu.

Siku moja mnamo saa kumi, akitoka sokoni, alipita Buyenzi nyuma ya gereji moja, na huko akasikia sauti ya kamba ikichapa chini. Palikuwa na banda la mabati, mlango wazi. Ndani, mzee mmoja mwenye mvi alikuwa akiruka kamba, miguu haionekani, na huku anaruka anamsimulia mwenzake habari za harusi ya Jumapili, nani alikula nini, nani alipigana na nani, bila kukatiza neno.

Odette akatua beseni chini. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

"Mama, umepotea?" Aliyeuliza alikuwa Mohamadi, mwenye banda. Zamani alipiga ngumi mbele ya Wabelgiji mpaka pua yake ikahamia upande wa kushoto na kukaa huko. "Soko iko kule."

"Sikupotea. Yule mzee anaruka na anaongea. Anafanya je?"

"Ni mazoezi ya ngumi hayo, mama."

"Basi na mi nataka."

Mohamadi akamtazama kuanzia kilemba mpaka ndala, na safari hiyo ilichukua muda. "Unataka kumupiga nani? Mzee wako?"

"Sitaki kupiga mutu. Nataka pumzi."

"Pumzi." Mohamadi aliiweka pua yake sawa, lakini ikarudi. "Wote wanaoingia hapa wananiambia wanataka kupiga mutu. Wewe ni wa kwanza kuniomba kitu chenye niko nacho kweli. Lakini sikiliza sheria ya hapa. Ngumi inabaki humu ndani. Siku utampiga mutu huko nje, hata akiwa na haki ya kupigwa, usirudi."

Akarudi kesho yake, ndani ya kitenge kavaa kaptula kuukuu ya Sébastien. Wanaume wa pale walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Mohamadi akamfunga vitambaa mikononi, akamsimamisha mbele ya gunia la mchanga na pumba za mpunga, akasema piga. Odette alitanua miguu, akainua ngumi juu ya kichwa, akaishusha. Akainua nyingine, akaishusha. Gunia halikujua hata kama limeguswa.

"Mama, apana," Mohamadi akasema. "Hii si sombe. Mchi unashuka. Ngumi inaenda."

Ilimchukua wiki tatu kuacha kutwanga. Miaka ishirini ya kinu haitoki mabegani kwa siku moja. "Ngumi haitoke mukononi, inatoka miguuni," Mohamadi alisema kila siku, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma rozari ya dini nyingine. "Hatua fupi. Usinyanyue muguu kama unavuka mutaro. Mutu akikuja na kiwiko, usirudi nyuma, pita chini yake." Kamba alianza kwa kuiruka mara nne na kukaa chini. Wale wanaume walicheka mwezi mmoja. Mwezi wa pili walimpisha kwenye gunia. Mwezi wa tatu, mzee mwenye mvi alimuuliza yule mwali wa harusi ya Jumapili ni wa ukoo gani, na Odette akamjibu akiwa anaruka, mpaka jina la shangazi yake.

Hasira, kwa upande wake, haikupungua. Ilipata mahali pa kwenda tu. Mwanzoni gunia lilikuwa na uso wa Candide. Kisha likapata nyuso za wale waliocheka ufukweni. Siku moja Odette alipiga mkono wa kulia, ukaenda moja kwa moja kutoka kisiginoni, gunia likalia na kuyumba, na lilipomrudia aliona limevaa miwani ya karani. Alisimama kidogo, akashangaa. Kisha akapiga tena.

Sébastien hakudanganywa. Hakuuliza tu. Viatu vyake vilivuliwa, sombe ilikuwa mbichi, na mtu aliyemfanyia hayo yote alitoka wapi saa kumi na moja jioni akiwa amelowa jasho, hilo halikuwa swali la ofisini.

Lakini kufika Juni, kitenge cha Odette kilianza kuzunguka kiuno mara moja na nusu zaidi, na hapo Bwiza ikafumbua macho. Mama Jovithe anakonda. Kwa nini anakonda? Mwanamke hakondi bure. Ama ana kifua kikuu, ama mume hampi chakula. Mbona hana kikohozi? Basi ni mume. Ofisini, mwenzake aitwaye Callixte alimuuliza Sébastien mbele ya watu yule bibi wa pili anakaa mtaa gani, maana wa kwanza ameanza kulipia. Sébastien akarudi nyumbani na uso wa barua iliyokosewa.

"Kula," alimwambia mkewe.

"Ninakula."

"Kula zaidi. Watu wanaongea. Callixte ananiuliza bibi wa pili anakaa wapi."

"Waongee. Wana pumzi."

Habari ilivuka mpaka, ikapanda milima hadi Bukavu, na njiani haikupungua uzito kama Odette alivyopungua. Mwishoni mwa Juni, lori likashusha mlangoni watu wawili: Marguerite, dada mkubwa wa Sébastien, mwanamke wa upana wa kabati na moyo wa upana huo huo, na baba mdogo wao Cirimwami, mwembamba, mwenye kofia na fimbo. Walileta maharagwe, unga wa mtama, siagi ya ng'ombe na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Marguerite alimshika Odette mabega, akapima kwa vidole mahali palipokuwa na nyama, akaanza kulia.

Kikao kilikaa usiku ule ule walipofika, kabla hata ya maharagwe kuiva. Cirimwami alikunywa kasiksi kwanza, ili mdomo ufunguke kwa heshima.

"Sébastien," akasema. "Tulikupa mke mnono. Iko wapi nusu ingine?"

"Baba mudogo, anakula. Mungu ananiona."

"Mungu anakuona, na sisi tunamuona mke. Kwetu ng'ombe akikonda hatumuulize ng'ombe, tunamuuliza mchungaji."

Sébastien aliangalia meza. Alikuwa ameloa jasho kwenye kola ya lile shati lisilo na kunyanzi. Marguerite akasema kwamba mama yao akisikia atakufa mara ya pili. Akasema jina la Byamungu linazungushwa sokoni Bukavu kama samaki aliyechina. Sébastien alizidi kuinama, na Odette, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akaona kitu ambacho hakukitegemea: alimhurumia. Mwanamume yule alikuwa na makosa mengi, lakini hili halikuwa lake. Hakuwahi kumnyima chakula.

"Mwacheni," akasema. "Hajaninyima kitu. Ni mimi. Nafanya ngumi."

Cirimwami akaweka kasiksi chini.

"Unafanya nini?" akauliza Cirimwami.

"Ngumi. Kwa Mohamadi, Buyenzi. Kila siku saa kumi, isipokuwa Jumapili. Kifua kilikuwa kinanibana, nikawa sifiki kwenye mutumbwi. Sasa kinafunguka. Nimekonda kwa mikono yangu mwenyewe. Mutu wenu hana kosa."

Alisema akiwa ametulia. Alidhani ukweli ni kama beseni: ukiuweka ndani kwanza, unajaziwa. Akamtazama mume wake, akingoja aseme neno. Na Sébastien akainua kichwa, kweli, kola ikanyooka, rangi ikarudi usoni.

"Mumesikia?" akasema. "Si njaa. Ni ngumi. Mi sina kosa."

"Tumesikia," Marguerite akasema, akipangusa macho. "Mama maskini. Ugonjwa umeshapanda kichwani."

Hapo ndipo kikao kiliposhika njia yake. Kwao, mwanamke aliyedhoofika na kuanza kufanya mambo yasiyoeleweka ni yule aliyejifungua na hakutunzwa. Sasa, nani alimhudumia alipojifungua huyu wa sita? Hakuna. Alikwenda ziwani siku ya kumi. Ndiyo hiyo. Mwili haukufungwa vizuri, upepo umeingia. Dawa yake inajulikana: alazwe upya kwenye kitanda cha uzazi. Siku arobaini ndani, uji na siagi, maji ya moto, asiinue kitu, asione jua la ufukweni. Marguerite atabaki kumtunza.

"Mutoto ana mwaka mzima na miezi," Odette akasema. "Anatembea. Yuko pale anakula mkaa."

"Hata akiwa padri," Marguerite akasema. "Deni ya uzazi haiozi."

Odette akageuka kwa Sébastien. Alikuwa amemtoa mtu huyu shimoni dakika tano zilizopita, kwa mkono wake mwenyewe.

Sébastien akavua miwani, akaifuta. "Yaya anasema kweli," akasema, akimaanisha dada yake mkubwa. "Pumzika kidogo."

Pumzika kidogo. Neno lile lile la Candide, kwa sauti ile ile ya upole. Odette aliiona ngumi yake ya kulia ikijifunga yenyewe juu ya paja, kidole gumba nje, kama alivyofundishwa. Akaifungua, kidole kimoja kimoja. Hiyo ilimgharimu kuliko gunia la miezi minne.

Akaingia ndani. Hakuingia kwa utii. Aliingia kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti ndagala, mitumbwi hailali ziwani, na wanawake wa ufukweni wote wanakaa nyumbani kushona na kusemana. Siku nane hivi hakuna kitakachompita. Alihesabu kwa vidole. Kisha akalala kwenye kitanda cha uzazi kama mtu aliyelala juu ya siafu.

Marguerite alimtunza, hilo lazima lisemwe. Alimkanda kwa maji ya moto, akamlisha uji wa mtama wenye siagi bakuli tatu kwa siku, akamwimbia nyimbo za wazazi, na alipokuwa hamlishi alikaa kwenye kigoda mlangoni, akauziba mlango wote na sehemu ya dirisha. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hiyo ndiyo sababu ilikuwa vigumu hata kumtukana. Majirani walikuja kutoa pole, wakileta ndizi. Wengine waliuliza mtoto yuko wapi. Watoto watano wakubwa walisimama mlangoni wakamwangalia mama yao amelala mchana, jambo ambalo hawakuwahi kuona, na wakaenda kucheza mbali wakidhani anakufa.

Mchana, Marguerite akisinzia, Odette aliegemeza godoro la watoto ukutani na kulipiga polepole, hatua fupi, mkono wa kushoto, wa kulia. Mara moja Marguerite alishtuka.

"Wifi, ni nini inagonga?"

"Moyo wangu."

"Masikini," Marguerite akasema, akaongeza siagi.

Usiku wa tisa mwezi ulichelewa kuchomoza. Odette, kupitia dirishani, akasikia wavuvi wakipita na taa zao kwenda ziwani, wakicheka.

Kulipoanza kupambazuka alikuwa amevaa, beseni la buluu kichwani. Marguerite alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la kwanza la siku. Alipomwona akaliweka bakuli chini, akatanua mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Bado siku thelathini na moja, wifi."

"Zitunze wewe."

Na akapita. Hakumgusa. Alishusha beseni kifuani, akakunja magoti, akapita chini ya kwapa la wifi yake kwa hatua mbili fupi, na Marguerite akabaki amekumbatia hewa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, akaokota bakuli la uji na kumfuata mbio.

Ufukweni walikuwa wengi kuliko siku zote, maana siku nane bila samaki zinamfanya hata mvivu aamke. Mitumbwi ilikuwa bado mbali kidogo. Candide alikuwepo, kitenge kimefungwa tayari.

"Mama Jovithe," akasema kwa sauti ya kusikika. "Tumesikia umezaa tena, bila mimba. Hongera. Mbona umetoka mapema?"

Jibu la Februari lilikuwa bado kooni, limetulia. Odette alikuwa akiangalia mtumbwi wa kwanza, na mchanga ulio kati yake nao.

Mtumbwi ulipokata injini, wote wakaondoka. Candide alikimbia kama zamani Odette alivyokimbia, hatua ndefu, na kila hatua mguu unazama mpaka kifundoni na kuchomolewa kwa nguvu. Odette alikwenda kwa hatua za banda: fupi, za haraka, mguu hauinuki kuliko unavyohitaji. Mtu wa pembeni angedhani anatembea. Walifika majini pamoja. Hapo Candide akatoa kiwiko, kile cha kila siku, cha mbavuni, ambacho wote pale wanakijua na hakuna anayekishtakia. Odette akapita chini yake. Alipoinuka, taya la Candide lilikuwa wazi mbele yake, karibu kama sahani. Ngumi ilikwisha kujifunga. Ilikuwa ngumi nzuri, yenye miezi minne ndani yake, na Sébastien, na Cirimwami, na siku nane za uji. Ilitaka kwenda.

Aliifungua, kwa sababu mkono uliofungwa haushiki beseni. Kitu cha buluu kikaruka juu ya maji, kikalia ndani ya mtumbwi.

"Mama Jovithe," mvuvi akasema, bila kushangaa, na akaanza kujaza.

Odette akageuka. Maji yalikuwa kiunoni, wanawake wote walikuwa nyuma, na alikuwa na pumzi nzima kifuani, hata ya kumwazimisha jirani.

"Candide mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti, "mi nimezaa sita, na kila mmoja nilikimbia naye hapa akiwa tumboni, we ukiwa bado unapigwa na mama yako kwa kukojoa kitandani. Na wewe utazaa wa pili, utazaa wa tatu, na kuna asubuhi utasimama katikati ya mchanga huu na kifua kitakataa. Siku hiyo usinitukane. Njoo nikuonyeshe mahali. Kwa leo pumzika. Wa chini tutakuachia."

Wanawake wakacheka. Kicheko kile kile cha Februari, meno yale yale. Odette alikisikia na hakikumpendeza kama alivyodhani. Ule mwiba ulikuwa umetoka, lakini mahali pake palikuwa pakiuma bado, na sasa aliona wazi kwamba Candide hakuwa ameuweka peke yake.

Alipotoka majini, Marguerite alikuwa amefika. Alikuwa amekaa mchangani, miguu mbele, bakuli kifuani, nusu ya uji umemwagikia kitenge, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mkavu. Alifungua kinywa kumgombeza wifi yake. Hakikutoka kitu.

Odette aliisikiliza ile sauti. Aliijua vizuri. Akachukua bakuli, akanywa uji uliobaki, akamrudishia.

"Usiongee bado," akamwambia. "Itakuja. Nilindie hawa ndagala wangu, nawaanika pale sasa hivi. Ndege wanaiba, hasa wale weupe. Ukipata nguvu, wageuze."

Marguerite akashika mkono wake, akauliza kwa macho anakwenda wapi.

"Kwa ndugu yako," Odette akasema.

Rohero asubuhi ile ilikuwa safi kama kawaida yake, miti imepangwa, watu wamevaa viatu. Odette aliipanda pekupeku, kitenge kinachuruzika maji ya ziwa, magamba mikononi. Ilikuwa Jumamosi, siku ofisi zinafungwa saa sita. Askari wa mlangoni alitaka kumuuliza jambo, akamtazama usoni, akaacha. Ndani kulikuwa na meza nne na mashine za kuandika, na zote zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Sébastien akasimama. "Mama Jovithe. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja munione." Aligeuka ili wamwone na wengine, Callixte hasa. "Baba, wewe ndiye unauliza bibi wa pili anakaa wapi? Hayuko. Mimi nimekonda. Mume wangu hajaninyima chakula. Nimekonda kwa sababu nafanya ngumi kwa Mohamadi, na sitaacha. Sasa mumejua, muache kumuuliza."

Callixte alijifanya anatafuta karatasi chini ya meza.

"Tutaongea nyumbani," Sébastien akasema chini chini, na macho yake yakamwomba.

"Nyumbani niliongea. Nilikutoa mbele ya baba mudogo, na wewe ukanifungia mlango kwa mgongo wa dada yako." Hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. Ilitoka tu, neno baada ya neno, na haikuisha. "Ukitaka kunifunga tena, njoo ukae mlangoni wewe mwenyewe. Usitume mwanamke mwenye anakupenda."

Sébastien aliangalia mikono ya mkewe. Vifundo vya vidole vilikuwa vimeota sugu nyeusi, na huenda ndiyo mara ya kwanza aliviona, ingawa vilimvua viatu kila jioni. Akavua miwani. Safari hii hakuifuta.

"Saa kumi?" akauliza.

"Saa kumi. Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Na leo mchana tutakula nini? Yaya yuko wapi?"

"Yaya analinda ndagala. Sombe iko ndani ya kinu, uani, imeshachambuliwa." Odette alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Haina ufundi, Baba Jovithe. Unatanua miguu, unapiga kwenda chini."